Siku Mpira wa Kauthar Uliponyooka

Kauthar binti Suleimani alianza kucheza gofu akiwa na miaka hamsini na mbili, na alianza kwa kucheka. Daktari alikuwa amemwambia presha yake imepanda, aache kukaa dukani kutwa nzima, atembee. Basi kila ikifika saa kumi alifunga duka lake la vitambaa pale sokoni Sumbawanga, akavaa raba za binti yake na kushika njia ya Kaengesa hadi kwenye malisho nje kidogo ya mji. Huko ndiko alikotukuta.

Tulikuwa saba. Mhandisi mmoja wa barabara alipomaliza kazi na kurudi kwao alituachia mfuko wa fimbo na ndoo ya mipira. Tukaomba ruhusa kwa wenye malisho, tukachimba mashimo sita, kila shimo tukalizungushia duara la mchanga, tukasimamisha vibendera vya mifuko ya mbolea. Mwalimu hatukuwa naye. Tulijifunza kwenye simu, na mimi, mwalimu wa jiografia, ndiye niliyejifanya nahodha kwa sababu bando langu lilikuwa kubwa kuliko la wenzangu.

Jioni ile Kauthar alisimama pembeni akatutazama tukirusha nyasi na udongo.

"Jamani," akasema, "hii ardhi imewakosea nini?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Polikarp, fundi mwashi, mtu mzima wa miaka sitini na kitu ambaye ndiye aliyekuwa mpole kuliko sote, akampelekea fimbo.

"Jaribu na wewe, mama. Kicheko utakimalizia baadaye."

Kauthar akainuka, akajifunga mtandio vizuri, akapiga. Mpira uliruka juu, juu kabisa, ukawa mdogo kama punje ya ulezi, na sote tukapanua midomo. Halafu ukakunja kona. Ukakata kulia kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, ukatumbukia kwenye maharage ya mzee Wilibrodi.

"Mmeuona?" Kauthar akapiga kelele. "Mmeuona ulivyoruka? Nipeni mwingine!"

Tangu siku hiyo hakukosa. Alikuwa na nguvu kutuzidi wote, na kila mpira wake ulikwenda kulia. Mzee Wilibrodi akawa anapalilia maharage yake amevaa helmeti ya bodaboda, na jioni anatuletea mipira yetu kwenye kikapu, akisema mwaka huu shamba limezaa sana. Hata mumewe, Muhidin, mwenye lori la kupeleka mizigo Kasesya, alikuja siku moja kumtazama mkewe. Tulimwonya asikae kulia. Akasema yeye ameendesha lori kwenye mteremko wa kwenda Muze wakati wa masika, haogopi kimpira. Mpira ulipita juu ya bega lake ukavunja chupa ya chai. Muhidin akatazama chai inavyomwagika, akahamia kushoto, na Kauthar akacheka hadi machozi yakamtoka.

Mambo yalikwenda hivyo hivyo, kwa raha, hadi tulipopata habari kwamba kundi la wachezaji wa Mbeya lingekuja kucheza nasi mwezi wa saba. Wanne wao, wanne wetu, mapigo yote yanajumlishwa, wenye mapigo machache ndio washindi. Tulikaa kupanga majina, na hapo nikatamka neno ambalo mpaka leo likinijia nakuna kichwa.

"Dada Kauthar," nikasema, "wewe utatusaidia kuandika mapigo."

Alikunja mtandio wake, akaaga kila mtu kwa jina, mimi akaniruka.

Kesho yake asubuhi alikwenda mtaa wa Majengo, ambako Polikarp alikuwa anajenga nyumba. Polikarp mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Kauthar alifika akasimama chini ya jukwaa la mbao.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Karibu, angalia misumari."

"Fundi, ukuta ukipinda unafanyaje?"

"Nauangusha, naanza upya."

"Basi mimi usiniangushe. Ninyooshe. Zimebaki wiki tatu."

Polikarp akashuka. Jioni hiyo hiyo walikutana malishoni, wao wawili, na mimi nikajipitisha kama mtu anayetafuta mpira uliopotea. Fundi alikuwa amekuja na uzi wake wa kujengea, ule wa rangi ya kijani, na vigingi vinne. Alichomeka vigingi viwili, akavuta uzi toka kwenye mpira kuelekea kibendera. Halafu akavuta uzi wa pili sambamba na wa kwanza, hapa miguuni.

"Simama kama unavyosimamaga."

Kauthar akasimama. Polikarp akarudi nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja kama anayekagua tofali.

"Mama, angalia miguu yako."

Kauthar akaangalia. Vidole vya raba vilikuwa vimeuacha uzi kabisa, vimegeukia kushoto, kwenye mikaratusi. Mabega nayo yamefuata miguu.

"Nageuka kushoto kwa sababu mpira unakwenda kulia," akajitetea. "Naupunguzia."

"Ndiyo kwanza unauongezea. Ukigeuka kushoto, fimbo inashuka ikitokea nje, inaupangusa mpira badala ya kuupiga, nao unazidi kukimbilia kulia. Kesho unageuka zaidi, nao unakunja zaidi. Miguu imepanda basi la Mpanda, kibendera kiko Mbeya. Mtakutana wapi?"

Kauthar alicheka akalazimika kuegemea fimbo. Nami huko kwenye nyasi nikaitazama miguu yangu kimyakimya, na haikuwa na hali nzuri sana.

Kazi ikaanza. Siku tatu za kwanza hakuruhusiwa kupiga mpira. Alisimama tu kwenye uzi: miguu, magoti, nyonga, mabega, vyote sambamba. Anaondoka, anarudi, anasimama tena. Alisema kila aliposimama sawa alijiona amepinda, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Polikarp akamwambia hivyo ndivyo ilivyo, jicho lililozoea ukuta uliopinda huuona ulionyooka kuwa ndio mbovu.

Siku ya nne fundi akaleta boksi tupu la sabuni, akaliweka upande wa nje wa mpira, nyuma kidogo. Fimbo ikishuka kwa njia ya zamani, inagonga boksi. Likagongwa. Likaletwa la pili, nalo likafa. Kauthar akaagiza maboksi kwa majirani wote wa sokoni, na watu wakaanza kuuliza kama anahama.

Halafu kanga. Alikunja kanga ndogo, akaibana kwapa la kushoto, apige bila kuiangusha, ili mkono usijitenge na mwili. Na mikono ilegee: "Umeshika kuku wa kupeleka kwa mkwe," Polikarp alimwambia, "si wa kuchinja." Na asiharakishe. Fimbo ipande taratibu, ifike juu, ipumue, nyonga zitangulie kugeuka, mikono ifuate.

Nyumbani alifanya mazoezi kwa mwiko wa ugali. Muhidin aliniambia yeye alikuwa anakula akiwa ameinamisha kichwa, mwiko usije ukampata.

Jioni ya kumi na mbili boksi lilibaki zima. Kauthar alipiga, kukatoka sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, mlio mfupi mkavu, na mpira ukaenda. Ukaenda mbele. Ukaendelea kwenda mbele. Tulisubiri ukunje kona, haukukunja.

Kauthar akageuka, kanga bado kwapani, akanong'ona, "Fundi, umeenda wapi?"

"Umeenda ulikoutuma, mama."

Hapo akaitupa fimbo, akakimbia. Hakuukimbilia mpira, hakukimbilia popote. Alizunguka malisho yote huku akipiga vigelegele, na ndama wawili wakamfuata. Nikatoka kwenye nyasi zangu, nikamsubiri amalize mzunguko, nikamwomba radhi mbele ya Polikarp. Jina lake nikaliandika kwenye orodha na langu nikalifuta.

"Mwalimu," akasema akihema, "wewe utatusaidia kuandika mapigo."

Wageni walifika Jumamosi yenye upepo wa mwezi wa saba, ule wa Ufipa unaopita ndani ya sweta. Walikuja na viatu vya gofu vyenye meno, na kofia zinazofanana. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mtaratibu aitwaye Asnath, nesi mstaafu, mwenye pigo laini kama anayepaka mafuta. Tulipigana shimo kwa shimo. Ng'ombe walikatisha mara mbili, tukawasubiri. Kufikia shimo la sita, wote wamemaliza isipokuwa Asnath na Kauthar, na hesabu zangu zilikuwa sawasawa pande zote.

Asnath akamaliza kwa mapigo matano. Kauthar akipiga matano, sare. Akipiga manne, tumeshinda.

Shimo la sita linapita katikati ya mikaratusi miwili, na kulia ndiko kuna maharage. Kauthar akasimama nyuma ya mpira, akatazama kibendera, akasogea, akaweka miguu. Hakukuwa na uzi siku hiyo. Nilimwona akishusha macho kwenye majani kana kwamba anauona, mabega yakatulia, fimbo ikapanda polepole, ikapumua.

Ule mlio mkavu tena. Mpira ukapita kati ya miti bila kugusa jani.

Pigo la pili likafika ukingoni mwa duara la mchanga. La tatu likaviringika vizuri, likasimama umbali wa kiganja toka shimoni. Watu wakaguna. Kauthar akaanza kucheka, kicheko kile kile cha siku ya kwanza, mwili mzima unatikisika.

"Mama, acha kwanza kucheka!" Muhidin akapiga kelele toka kushoto.

"Siwezi!"

Akaugusa huku anacheka. Mpira ukazunguka ukingo wa shimo, ukafikiri, ukaingia.

Sijui nani alimbeba nani. Nakumbuka Polikarp, mtu wa Misa ya kwanza kila Jumapili, akiruka kama mtoto, na Asnath mwenyewe akimkumbatia Kauthar na kumuuliza, "Nani amekufundisha kusimama vile?" Kauthar akamsukuma fundi mbele, na fundi akaanza kueleza habari za uzi, na wageni wale wanne wenye viatu vya meno wakajipanga mstari mmoja wakakaguliwa miguu. Wawili walikuwa kwenye basi la Mpanda.

Siku hizi kila Alhamisi duka la vitambaa linafungwa saa tisa. Kauthar anakuja malishoni na wanawake wa sokoni, walikuwa watatu, sasa ni kumi na mmoja, wengine na mitandio, wengine na vilemba, mmoja na mtoto mgongoni ambaye hukabidhiwa kwangu. Wiki iliyopita alikuja Adela, muuza samaki, mara yake ya kwanza. Alikosa mpira mara sita. Mara ya saba akaupata, na ukaenda kushoto, upande ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuupeleka mpira.

"Kushoto!" Kauthar akapaza sauti kwa furaha. "Jamani, kushoto!"

Wote kumi na mmoja wakaangua kicheko, wakatupa fimbo chini, wakakimbia kwenda kuutafuta.