Mguu Usio na Bluu

Harufu ya majani ya mkaratusi yanayochemka hunirudisha Iyunga, kwenye nyumba yetu nyuma ya barabara kuu, Julai ile mama alipojifungua mdogo wangu wa kiume. Julai ya Mbeya si ya mchezo. Asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi, maji ya bomba yanauma vidole, na sisi wa darasa la tano tulivaa sweta juu ya sweta mpaka mikono ikawa haikunjiki. Lakini chumbani kwa mama kulikuwa na joto lake peke yake. Jiko la mkaa halikuzimwa, na juu yake sufuria kubwa ya majani ilichemka kutwa nzima, kiasi kwamba hata daftari zangu zilinuka mkaratusi na mwalimu akaniuliza kama nina mafua. Bibi mzaa mama alikuwa amekuja kutoka Madibira na gunia la mchele, kuku wawili waliofungwa miguu, na mikono yake. Naitaja mikono kwa sababu hiyo ndiyo iliyomleta. Kwetu mwanamke akijifungua, mama yake huja kumkanda. Kitambaa kizito kinatumbukizwa kwenye maji ya moto, kinakamuliwa, kinabandikwa tumboni, kiunoni, mapajani, kisha kinakandamizwa kwa uzito wote wa mkandaji mpaka mzazi apige kelele. Kelele hizo hazimshtui mtu. Kazi ni kutoa damu chafu, na damu chafu, tuliambiwa, haitoki kwa kubembelezwa.

Bibi alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, maisha yake yote ameyamaliza kwenye majaruba ya mpunga, na akikushika bega kwa mapenzi unalala na maumivu. Wanawake wa Madibira nzima walimwita wakijifungua. Kwa hiyo mguu wa kushoto wa mama ulipoanza kuvimba, hakuna aliyebabaika. Baba alikuwa safarini na lori lake, na hata angekuwepo asingeulizwa, hayo yalikuwa mambo ya wanawake. Bibi aliutazama mguu, akaubonyeza kwa kidole, akatangaza kwamba damu chafu imekimbia kutoka tumboni na kujificha huko chini. Basi akaifuata huko huko. Aliukanda asubuhi, akaukanda jioni, anaanzia kwenye kifundo anapanda nao hadi pajani, jasho linamtiririka, na mama ameng'ata pindo la kanga. Mguu haukupungua. Ulizidi kunenepa, ukang'aa, ukawa wa moto kuliko mwenzake, na mama akawa hawezi kuvaa hata kandambili. Kadiri ulivyovimba, ndivyo Bibi alivyoongeza nguvu. Niliwahi kumsikia akiusemesha, "Leo utanitambua!"

Aliyetuokoa ni muuguzi wa kliniki, na hata hakuwa na kazi na mama. Tulimpeleka mtoto chanjo. Mama aliingia akichechemea, ameniegemea, na Bibi nyuma amembeba mtoto. Yule muuguzi hakumtazama mtoto kabisa. Aliinua kanga ya mama, akaiangalia miguu yote miwili, akabadilika uso. "Mama huyu aende hospitali ya mjini sasa hivi. Sio kesho. Chanjo itasubiri." Bibi alikasirika waziwazi, akasema watoto wa siku hizi wakiona uvimbe kidogo tu wanaita hospitali, mguu wenyewe umebakia kidogo tu upone. Lakini mama mwenyewe, ambaye hakuwa na kawaida ya kumpinga mama yake, alisema kwa sauti ndogo kwamba anataka kwenda. Tukaenda.

Chumba tulichoingizwa kilikuwa na mapazia yaliyofungwa na mashine yenye kioo kama televisheni. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyetuacha tuingie wote kwa sababu mtoto alikuwa ananyonya kila mara. Alimpaka mama jeli ya baridi kwenye mguu ule mzima, usiovimba, kwanza, apate wa kulinganisha, kisha akatelezesha juu yake kifaa alichokishika mkononi. Kwenye kioo tuliona vivuli vya kijivu tu, nikaanza kuchoka. Halafu akabonyeza kitufe. Jamani, nilikaribia kumwangusha mdogo wangu niliyekuwa nimembeba! Katikati ya ule ukijivu iliwaka rangi nyekundu, ikawa inapiga, inawaka na kufifia, inawaka na kufifia, na pembeni yake mfereji wa bluu unatiririka taratibu. Mama yangu amelala pale, ngozi yake haina hata mkwaruzo, na sisi tumesimama tunaitazama damu yake inavyotembea ndani. Nilimwangalia mama nione kama anaumia, naye alikuwa amekodoa macho kwenye kioo kama mimi.

Sasa mimi nilikuwa mjuaji. Darasani kwetu kulikuwa na mchoro wa moyo ukutani, upande mmoja mwekundu na mwingine wa bluu, na mwalimu alikuwa ametukaririsha kwamba nyekundu ni damu safi na bluu ni damu chafu. Nikapayuka, "Hiyo ya bluu ndiyo damu chafu, Bibi. Tumefundishwa!" Daktari alitabasamu, akasema nisubiri kwanza, atanieleza. Lakini Bibi alikuwa ameshanisikia. Alisogea hadi pua yake ikawa karibu kugusa kioo. Hakujua kusoma, na mashine hiyo ilimtisha, ila damu chafu aliijua. Adui aliyepigana naye miaka yote kwa kubahatisha alikuwa ameonyeshwa kwake hadharani.

Daktari akahamia kwenye mguu uliovimba. Nyekundu ikatokea, inapiga kama kawaida. Pembeni yake kulikuwa na mfereji mnene, mpana kuliko ule wa mguu mzima, lakini mweusi. Daktari akasogeza kifaa juu, akasogeza chini. Mweusi. Bluu haikuwepo hata tone. Hapo ndipo Bibi alipopiga kigelegele, mle mle chumbani, kifupi, cha furaha tupu. "Mnaona? Mnaona wenyewe? Huku hakuna bluu! Nimeikamua yote!" Akamgeukia mama, macho yamejaa machozi, akamwambia, "Si nilikwambia uvumilie, mwanangu?" Na mama akacheka. Tulicheka sote. Nilikuwa na fahari na Bibi yangu kuliko siku nyingine yoyote.

Daktari hakucheka. Mkono wake ulikuwa umesimama.

"Shikamoo, Bibi," alisema, jambo lililonishangaza kwa sababu tulikwisha kusalimiana. "Huu mguu umekuwa ukiukanda?"

"Marahaba, mwanangu. Kila siku. Asubuhi na jioni, kwa nguvu zangu zote."

Alivuta kiti, akamkalisha Bibi, akatueleza polepole. Bluu si uchafu, na nyekundu si usafi. Mashine inatuma sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia, sauti inagonga damu na kurudi. Akaniuliza kama tunakaa karibu na barabara. Nikasema ndiyo, Iyunga. Akasema, basi unajua lori likija mlio wake huwa mkali, likishakupita mlio unashuka, hata ukifumba macho unajua linakuja au linakwenda. Mashine nayo inasikia hivyo hivyo. Damu inayokuja upande wa kifaa inapakwa nyekundu, inayokwenda zake inapakwa bluu. Ili tuamini, alirudi kwenye mguu mzima akakilaza kifaa upande wa pili, na rangi zikabadilishana mbele ya macho yetu, iliyokuwa nyekundu ikawa bluu. Mchoro wa mwalimu wangu ulikufa siku hiyo. "Ila kisichotembea hakipati rangi," alisema, akarudi kwenye ule mfereji mweusi. "Hapa hakuna rangi kwa sababu damu imesimama. Imeganda, imeziba. Ukiukanda, kipande kinaweza kumeguka, kikapanda hadi kwenye mapafu. Mtu anaweza kufa papo hapo, hata kama alikuwa anaongea."

Nilimtazama mama, naye alikuwa ameushika mguu wake kwa mikono miwili, halafu akaiondoa haraka kana kwamba ameungua. Nilidhani Bibi atabisha, maana alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Hakubisha. Alimwita Mungu kwa Kihehe, "Nguluvi," mara moja tu, kwa sauti ya chini. Kisha akasema, "Tumaini."

Hilo ni jina langu. Nikaitika, "Abee, Bibi." Hakunitazama. Hakuwa akiniita mimi. Nilipewa jina hilo la mama mkubwa, mtoto wa kwanza wa Bibi, aliyefariki akiwa na kichanga kabla mimi sijazaliwa. Nyumbani habari yake ilisimuliwa kwa kifupi siku zote: aliamka vizuri, akakandwa, akainuka kwenda kunywa uji, akajishika kifua, akaanguka. Wengine walisema moyo, wengine walisema mkono wa mtu. Hakuna aliyewahi kutaja mguu. Bibi alimtazama daktari, akasema kwamba mguu wa yule nao ulivimba, mmoja tu, hivi hivi, na yeye ndiye aliyekuwa anaukanda. "Asubuhi ile niliukanda kuliko siku zote. Nilitaka apone haraka. Ni mimi, daktari?"

Daktari alijibu kwamba hakumwona marehemu na hawezi kusema. Lilikuwa jibu la haki, na halikumsaidia mtu. Bibi aliigeuza mikono yake, akaitazama viganja na migongo, akaiingiza ndani ya kanga. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa mgonjwa, alianza kumbembeleza mama yake kutoka kitandani, "Hukujua, mama. Nani alijua?" na mimi nimesimama na mtoto analia, sijui nimpe nani.

Mama alilazwa, akachomwa sindano za tumboni za kuzuia damu isizidi kuganda, akaendelea na vidonge kwa miezi mingi. Mguu hubaki mzito akisimama sana, lakini yu hai, na hilo hatulichukulii kirahisi. Bibi alirudi Madibira na hakumkanda mtu tena. Wanawake walipokuja kumwita, alikwenda kutazama miguu tu, na akiona mmoja umeshinda mwenzake kwa unene aligomba mpaka mzazi apakiwe kwenye bodaboda kwenda hospitali.

Siku hizi nipo Iringa mjini, nafundisha biolojia, na wanafunzi wangu hawaandiki damu chafu kwenye mtihani wakabaki salama. Nilipokuwa na mimba mwaka jana nilionyeshwa kamba ya kitovu ya mwanangu kwenye kioo, nyekundu na bluu zimejisokota pamoja, na daktari alinionyesha akiwa anaongea na simu, kwa jinsi jambo hilo lilivyokuwa la kawaida kwake. Nilipojifungua Bibi alikuja, mzee sana sasa, mama amemshika mkono. Kabla ya kumwona mtoto alinifunua miguu, akailaza sambamba, akaipima kwa ukanda wa kitenge. Ilikuwa sawa. Ndipo akakaa, akapokea kitukuu wake. Nikamsimulia habari za ile mashine, kwamba sasa zipo hadi ndogo za kubebwa mkononi, nikidhani ninamfurahisha.

"Wakati wa Tumaini zilikuwepo?" aliuliza.

Nilifurahi kwamba ninalo jibu jema la kumpa. "Huku kwetu hazikuwepo, Bibi. Hata ungetaka kumpeleka, usingekuwa na pa kumpeleka."

Alimtazama mtoto.

"Macho yalikuwepo," alisema. "Mguu mmoja ulikuwa umeshinda mwenzake. Niliuona, nikaenda kuongeza kuni chini ya maji ya kukandia."