Njuga ya Saidi Shingoni mwa Paka

Nilikuwa bado mtoto wa meno ya mbele kung'oka, tukikaa Kindu upande wa bandari ambako baba alipakia mizigo melini, nilipojua kwamba mtu anaweza kukuibia kisha wewe ndiye ukaitwa mwizi. Nasema bila kuona haya: hasira ile ninayo hadi leo.

Tulizaliwa mapacha, mimi Saida na ndugu yangu Saidi. Saidi alifariki kabla hajajua kutembea vizuri. Kwao mama, kule Pangi, pacha akifa, njuga aliyofungwa mguuni haizikwi naye. Anaivaa aliyebaki, kiunoni, hadi azae mtoto wake wa kwanza. Hapo njuga inafungwa mguuni mwa mtoto huyo, na pacha aliyekwenda anarudi. Lakini ikilia kwa watu wengine, ataufuata mlio na kupotea moja kwa moja. Mama aliliamini jambo hili kama alivyoamini kwamba kesho kutakucha.

Siku moja masera, mtawa wa kizungu aliyetufundisha kushona, alisikia kitu kinalia chini ya gauni langu. Alinifunua mbele ya wenzangu wote, akakata uzi kwa mkasi. "Ushenzi!" akasema. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Na njuga aliifanyia nini? Alimfunga paka wake shingoni. Paka, jamani!

Mama alikwenda misheni jioni ileile na kuku mkononi, mimi nimeshika pindo la kikwembe alichojifunga.

"Masera, naomba. Ile njuga njo mutoto wangu."

Masera alicheka. "Mutoto gani? Iko kengele tu. Nitakupa ingine, kubwa."

"Sitaki ingine, Masera. Nataka ile."

Akafunga mlango. Kuku alimchukua, lakini! Kuku wa washenzi hakumchukiza hata kidogo.

Tangu hapo mama akawa anakaa nje ya ua wa misheni kila alasiri na kipande cha samaki. Njuga ikilia, aliita kwa sauti ya chini, "Saidi, kuya kwa mama." Majirani walisema amerukwa na akili. Baba alizidi tu kuleta samaki. Paka akazoea, na jioni moja akatufuata hadi nyumbani, akajilaza kwenye mkeka wangu. Mama alifungua njuga, akanifunga tena kiunoni, akalia kwa furaha. Akasema paka wa watu tutamrudisha asubuhi.

Asubuhi polisi walitutangulia, na masera nyuma yao. Wakauliza, nani ameiba paka? Kabla mama hajafungua mdomo, baba alisema, "Ni mimi."

Walimlaza kifudifudi mbele ya mlango wetu, majirani wote wakitazama, wakampiga fimbo. Baba yangu, mtu mzima, mwenye heshima zake! Masera alisimama pale chini ya mwavuli mpaka walipomaliza.

Mama akamtoa paka. Mimi nilijibana nyuma ya mlango, nimeishika njuga isilie, nikingoja aiulizie, maana nilijua akiiulizia baba atapigwa tena. Masera alimpokea paka wake, akambusu, akamkagua masikio, akamkagua miguu. Shingo ilikuwa tupu mbele ya macho yake. Akageuka, akaenda zake. Alikuwa amekwisha kuisahau njuga.

Mwanangu wa kwanza nilimfunga njuga ile, na mama alimwita Saidi kabla hatujampa jina. Kama kweli alirudi, Mungu anajua, sibishani na mtu. Wanangu wananiambia, mama, yule mzungu alikufa zamani, msamehe tu. Nimejaribu, wallahi. Lakini mama alikaa juani siku zote zile kwa ajili ya njuga, baba akalala kwa tumbo wiki nzima, na yeye hakukumbuka hata kwamba aliwahi kuwa nayo. Angeiulizia, pengine ningemsamehe.