Nilikata springi gari likae chini, kisha nikamwaga maji ya mzazi njiani kwenda Newala

Wakuu, habari za mchana. Wateja wametulia kidogo nikaona niweke hili hapa. Ni langu mwenyewe, sijaongeza chumvi, na aibu yake bado ninayo.

Kila mara kuna vijana humu wanauliza namna ya kushusha gari kwa bajeti ndogo. Mimi nilishusha. Niko Masasi mjini, nauza vifaa vya umeme, na nina kigari kidogo cha kutembelea.

Sababu ya kushusha? Hakuna. Niliona la jamaa mmoja kwenye harusi, tairi zimeingia ndani ya madigadi, nikalipenda. Basi.

Springi fupi za dukani zilinishinda bei. Nikaenda kwa fundi Chande. Akasema njia ya wasio nacho ipo: tunatoa springi, tunakata koili moja na nusu kwa grainda, tunarudisha. Shokapu zinabaki zilezile.

Kabla hajawasha grainda akaniuliza, "Gari hili linabeba mzigo?"

Nikamwambia halibebi. Mzigo gani, ni mimi na mke wangu tu.

Naomba mlikumbuke hilo jibu.

Lilitoka kali, nisiwadanganye. Kati ya tairi na madigadi vilipita vidole viwili tu. Lilikuwa linadunda, na kila tuta nalipanda kwa ubavu, lakini mjini unazoea.

Sasa mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, akaenda kujifungulia kwa mama yake, Mkunya, huko juu Newala. Akajifungua salama, mtoto wa kike. Nililia dukani mbele ya mteja, wala sikujali.

Kesho yake akanipigia. "Baba Zuhura, mama anasema bomba halijatoa maji wiki ya pili hii, na kisima cha nyumbani kimebaki tope. Njoo na maji."

Kwa wasiojua: juu kule maji ni shida kiangazi, na mwenye gari hapandi na buti tupu. Hata anayekwenda kuzika anapanda na dumu. Tena nyumba yenye mzazi ndiyo usiseme. Mzazi anakandwa maji ya moto asubuhi na jioni, mtoto anaogeshwa, nepi zinafuliwa.

Nimeoa kule, nayajua yote haya. Kwa fundi sikuyakumbuka hata kidogo.

Nikapakia dumu nane za lita ishirini. Nyuma likakaa kabisa. Nikajisemea litafika tu.

Wapi! Kwenye mlima, barabara ya kokoto, tairi za nyuma zikaanza kusaga madigadi, harufu ya mpira ikajaa ndani. Kona ya pili ekzosi ikagonga jiwe ikakatika. Nikasimama. Nikaona nikiendelea napasua tairi zote mbili.

Wakuu, nikashuka nikaanza kumwaga maji.

Sikuwaza bodaboda, sikuwaza kusubiri lori la mtu. Niliwaza tairi. Dumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Udongo ule unakunywa papo hapo, hata kidimbwi hakibaki.

Nilipoinua la tano nikasikia nyuma yangu, "Baba, unamwaga nini?"

Alikuwa dada mmoja, mtoto mgongoni, ndoo tupu mkononi. Anakwenda foleni ya maji.

"Maji," nikasema.

"Ya kunywa?"

"Ya kunywa."

Hakunitukana. Aliweka ndoo yake chini mbele yangu akasema, "Si ungenisubiri." Nikamjazia. Akauliza nakwenda kwa nani, nikamtajia mama mkwe. "He! Kule kwenye mzazi?" Akajitwisha ndoo yake akaondoka, hakugeuka.

Nilifika ukweni na dumu tatu, gari linanguruma kama mashine ya kukoboa. Habari ilishatangulia kwa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimesikia barabara umeshaiogesha."

Alikuwa ametoka kuokota korosho, vumbi mpaka kwenye kope. Akapanga dumu: moja la mzazi, moja la mtoto, moja la kunywa na kupikia.

Mke wangu akauliza, "Na wewe mama, je?"

"Mimi nitaoga mumeo akirudi."

Jamani. Bora angenifokea. Akajifuta uso kwa pindo la kanga, akaingia kumbeba mjukuu.

Kesho yake nilipanda na pikapu ya kukodi, imejaa maji. Nikakaa nje mpaka nikasikia anajimwagia bafuni, ndipo nikaweza kula.

Wiki ile Chande akanifungia springi nzima za mtumba. Ndipo akanionyesha kuwa zile za kukata zilikuwa zinalegea kwenye vikombe vyake, pale springi inapokalia, kila gari likiinuliwa na jeki; zingeweza kuchomoka njiani. Kwa hiyo hata bila maji, siku moja ningelia.

Nilichojifunza: fundi akikuuliza gari linabeba nini, usimjibu la siku ile. Mjibu la mwaka mzima, pamoja na ukweni.

Waliowahi kukata springi wakasalimika, semeni na njia zenu mnazopita ni zipi. Wa kunicheka nanyi chekeni, nimeshazoea.

Mimi kila Jumamosi napanda na dumu nane. Mama mkwe huzihesabu kwanza, ndipo anaitikia shikamoo.