Alama Kumi za Swali la Tisa

Mie ni mtu wa hasira, na mdomo wangu umeniponza mara nyingi. Ila mara moja ulimponza mtoto wa watu, na hiyo ndiyo siisahau.

Enzi zile za ruksa, serikali ilipolegeza masharti, sekondari za binafsi zilianza kuchipuka huku Temeke, na mie nikapata kazi ya kufundisha hesabu kwenye mojawapo, pale Mtoni. Watoto waliomaliza la saba wasichaguliwe kwenda shule za serikali walikuja kwetu kufanya mtihani wa kuingia kidato cha kwanza. Ukipata arobaini kwa mia, umeingia. Chini ya hapo unarudi nyumbani, na kwa wengi habari ya shule inaishia hapo.

Mtihani niliutunga mwenyewe, nikauchapa mwenyewe kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia. Swali la tisa lilikuwa na mchoro wa shamba, utafute eneo lake, alama kumi. Kwenye mchoro nikakosea namba moja. Ukikosea kwenye stensili unapaka dawa ya kufutia, unapuliza ikauke, ndipo unaandika upya. Nikapaka, nikapuliza, nikaitwa kunywa chai. Niliporudi nikaipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya kudurufu. Shamba likatoka halina urefu.

Watoto karibu wote waliliruka. Wazazi wakaja juu, swali gani hilo la kutega watoto? Mkuu wa shule, mzee mtaratibu, akaita kikao cha walimu.

"Tuwape wote hizo kumi, yaishe," akasema.

Nikawaka. "Mtu hajagusa swali umpe kumi? Hiyo haki au sadaka? Tulifute, tuhesabu kwa tisini, halafu tugeuze iwe asilimia. Wote sawa!"

Wenzangu wakaitikia, maana nilisema kwa kujiamini. Kumbe nilikuwa na aibu tu. Nilikuwa nimewaacha waamini kwamba mashine ndiyo iliyokula ile namba, na nilitaka swali lenyewe lipotee kabisa. Orodha ya waliofaulu ikabandikwa ukutani.

Kesho yake akaja jirani yangu mmoja, aliyekuwa amepunguzwa kazi kiwandani mwaka uleule, na binti yake nyuma. Binti akaniamkia, shikamoo mwalimu, macho chini. Baba mtu akasema hakuja kugombana, anataka tu kujua mwanawe alipata ngapi kabla swali halijafutwa.

Nikaitoa karatasi. Jamani! Swali la tisa, kwa mwandiko mdogo: "Urefu haujaandikwa. Nimeupa mita nane." Kisha akakokotoa mpaka mwisho bila kosa. Pembeni, kwa kalamu yangu nyekundu, kumi kwa kumi. Nilisahihisha rundo lile kwa haraka hata sikukumbuka. Jumla yake ilikuwa arobaini na nne. Tulipomwondolea kumi zake akabaki na thelathini na nne kwa tisini, yaani asilimia thelathini na nane. Na aliyekuwa na thelathini na saba bila kugusa lile swali, sasa alikuwa na arobaini na moja, kaingia.

"Alilipata?" baba akauliza.

"Alilipata."

"Lote?"

"Lote, baba."

Nikawaomba wanisubiri, nikaenda mbio kwa mkuu, nikamweleza habari ya binti wa jirani yangu.

"Kila mtoto tumpe iliyo kubwa," nikamwambia, "ya kwa mia au ya kwa tisini. Hapo hakuna atakayeumia."

"Mwalimu, hayo ungeyasema kwenye kikao. Watu wameshaanza kushona sare. Leo nikimwongeza mtoto wa jirani yako, watasema nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Ningesema kosa ni langu, nilifuta namba nikaenda kunywa chai, tangazeni hivyo mbele ya wazazi wote na orodha ifanywe upya. Sikusema. Nilikuwa na miezi mitatu kazini, barua ya ajira sijapewa, nikaogopa. Mie, mwenye mdomo wote ule!

Nikarudi nikawaambia imeshindikana. Baba akaitikia kwa kichwa, akanishukuru kwa kuhangaika. Hiyo asante iliniuma kuliko tusi. Binti ndiye aliyenyanyua macho kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu, lile nilikaa nalo sana," akasema. "Nilimuuliza msimamizi, akaniambia nifanye hivyohivyo. Mawili ya mwisho sikuyafikia."

Nikafunua karatasi. Kweli, ukurasa wa mwisho ulikuwa mweupe. Kumbe tulimnyang'anya alama kumi pamoja na muda wake wote, na huo muda hakuna kikao cha kuurudisha.

"Pole, mwanangu," nikasema.

"Asante, mwalimu."

Wakaondoka, baba mbele. Yule mtoto hakusoma tena, na hadi wanahama mtaa ule sikuwahi kumwambia kwamba kosa halikuwa la mashine.