Shemeji Mara Mbili, Asubuhi

Fundi cherehani huyu alizaliwa na wivu, na hakuna aliyewahi kumpunguzia hata chembe. Mkewe akisalimiwa na muuza mkaa, yeye alitaka kujua muuza mkaa huyo husalimia wake za watu wangapi kwa siku. Majirani walimcheka. Mkewe alishamzoea.

Mkewe huyo alikuwa mpishi wa sabuni. Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo, ila sabuni yake ilipendwa mno, na mwenye kiwanda aliwaogopa wezi wa siri kuliko alivyouogopa moto. Kwa hiyo jikoni hakuna kitu kilichoitwa kwa jina lake. Mafuta ya karafuu yaliitwa Shemeji, ya mchaichai yakaitwa Mjomba, na magadi yakaitwa Bibi kwa ule ukali wake. Wapishi waliapa kutosema neno nyumbani, hata kwa waume zao, na daftari la vipimo lililala kabatini kwa kufuli.

Jumamosi moja mpishi akalisahau daftari mfukoni mwa aproni, aproni ikaja nyumbani kufuliwa. Mumewe, ambaye alikuwa na mtindo wa kupekua nguo za mkewe kwa kisingizio cha kutafuta vifungo vilivyolegea, akalikuta. Akasoma: “Shemeji mara mbili, asubuhi. Mwache apoe. Mjomba aingie mwisho, taratibu.” Kila ukurasa na tarehe yake!

Moyo ulimpasuka. Shemeji gani, naye hana ndugu wa kiume hata mmoja? Na huyo mjomba je, mtu mzima asiye na haya?

Kesho yake Jumapili alifungua kibanda chake akiwa na daftari kifuani. Mteja wake mpya akaingia, yule aliyembatiza jina la Bwana Kola kwa sababu kila wiki alileta shati ligeuzwe kola. Kola zenyewe hazikuwa zimechakaa, lakini fundi gani hukataa kazi? Tena Bwana Kola alikuwa msikivu, alipenda kuuliza habari za nyumbani.

“Mbona leo umenuna, ndugu yangu?”

“We acha tu.”

“Sema bwana. Mficha maradhi, kifo humuumbua.”

Fundi akatoa daftari. Bwana Kola akalisoma lote, akatikisa kichwa kwa huruma, akatoa simu akapiga picha ukurasa mmoja mmoja. “Nina mtu wangu anajua sana mambo ya ndoa, nitamwonyesha. Hebu niambie, siku za huyo Shemeji peke yake, mama akirudi ananukia nini?”

Mwenye wivu hasahau tarehe. Mwaka mzima fundi alikuwa akimnusa mkewe mlangoni akijifanya anampokea mkoba. “Karafuu! Karafuu tupu!”

“Na siku za Mjomba?”

“Mchaichai.”

“Pole sana, kaka,” akasema Bwana Kola, na hakuonekana tena. Jioni fundi akalirudisha daftari mfukoni mwa aproni, asimwulize mkewe lolote, akingoja jibu la yule mtu wa mambo ya ndoa.

Miezi mitatu baadaye kila duka lilikuwa na sabuni ya kiwanda kingine, harufu ileile, bei nusu. Mwenye kiwanda akawakusanya wapishi wote. Mke wa fundi, asiyejua kusema uongo, akakiri kwamba daftari lililala kwake siku mbili. Mumewe akaitwa.

“Shemeji ni mafuta ya karafuu, baba watoto,” mkewe akamwambia mbele ya watu. “Sasa eleza ulimwonyesha nani.”

Aibu ilikuja baadaye. Kwanza mwanamume yule alifurahi, akatabasamu kabisa, kwa kuwa hakukuwa na shemeji. Ndipo akaziona nyuso zilizomzunguka, akasimulia yote huku anatazama sakafu.

“Wamekulipa nini?” mwenye kiwanda akauliza.

“Hawakunilipa, mzee. Alinipa pole.”

Wapishi wakaangua kicheko. Mwenye kiwanda hakucheka. “Siri ya miaka ishirini mtu aitoe kwa pole? Mnanifanya mtoto? Mmeuza, mkagawana!”

“Mzee, hajauza,” mpishi akasema. “Nimeishi naye miaka kumi na minne. Ana wivu huyu, hana kingine.”

“Basi umeuza wewe, na yeye umemtuma aje kukufichia. Toka kwangu.”

Mpishi akaivua aproni, akaikunja vizuri, akaiacha mezani. Miaka kumi na moja ya kazi ikaishia hapo. Wakatoka kwa mguu, yeye mbele, mumewe nyuma, mpaka fundi akaharakisha akamfikia.

“Nisamehe, mama watoto.”

“Ungeniuliza.”

“Ungenijibu?”

“Nisingekujibu, niliapa. Tungegombana mpaka majirani waje kutuamua. Halafu Jumatatu ningekwenda kazini.”