Kisu Kilichokaa Kwenye Nyasi

Nilipofika nyumbani Agosti hii, kabla hata sijaweka mkoba chini, nyanya aliniomba kisu. Hakuniambia karibu, wala hakuniuliza habari za safari. Alikuwa amekaa nje ya jikoni na beseni la viazi vitamu miguuni, kiazi kimoja mkononi, anakipapasa huku na huku.

"Ni wewe mfupi?" akasema, kwa sababu alinitambua kwa hatua zangu. "Hebu nitafutie kisu. Hawa watu wamenifichia."

Hao watu walikuwa ni shangazi yangu peke yake. Ndiye anayeishi naye, anayemwogesha na kumpikia uji, na ndiye anayeamka usiku nyanya akikohoa. Alinivuta pembeni, karibu na kamba ya nguo, akanieleza kwa sauti ya chini. Macho ya nyanya yamefifia. Wakati wa Pasaka alijikata kidole gumba vibaya, ikabidi ashonwe kwenye zahanati, na tangu hapo visu vyote viko juu ya kabati chumbani.

"Mimi si mbaya," shangazi aliniambia. "Lakini akijikata tena, nyinyi wa Nairobi mtapiga simu mkiuliza nilikuwa wapi. Nitawajibu nini?"

Nilirudi kwa nyanya nikamweleza kwamba shangazi atamenya viazi mwenyewe. Alikirudisha kile kiazi kwenye beseni, akajifuta mikono kwenye leso, akageuza uso kuelekea barabarani, kule malori ya kwenda Uganda yanakopanga foleni. Hakulalamika. Afadhali angelalamika. Huyu mwanamke ndiye aliyenitia kisu mkononi kabla sijaanza shule.

Enzi hizo jiko lake lilikuwa la udongo, la mviringo, limeezekwa kwa nyasi, na ukingo wa paa ulishuka hadi watu wazima wakawa wanainama kuingia. Siku hizi watu wana droo. Sisi tulikuwa na hilo paa. Visu vyote vya nyumba vilichomekwa kwenye nyasi, mipini ikitokeza nje, na ungeweza kuvihesabu ukiwa umesimama uani.

Havikuchomekwa ovyo. Chini kabisa, kando ya mlango, kilikaa kisu kifupi kisicho na ncha, cha kukatia ndizi mbivu na sabuni ya mche. Juu yake kidogo, cha kumenyea viazi na mihogo. Juu zaidi vilikaa visu vya wimbi, vidogo, vyembamba, vyenye tumbo lililopinda, ambavyo mhunzi mmoja wa Malaba alivifua kutoka springi za malori yaliyokufa kwenye foleni. Panga na kisu cha kuchinjia vilikuwa ndani, juu ya boriti ya paa, na hivyo mtoto hakuvitazama hata kwa matamanio.

Sheria ya nyanya ilikuwa hii: kisu unachokifikia ukiwa umekanyaga chini kwa nyayo zote mbili ndicho chako. Hakuna kusimama kwa vidole, hakuna kupanda kinu wala mtungi wa maji. Ukikifikia, hakuna mtu mzima atakayekunyang'anya. Usipokifikia, utalia mpaka ng'ombe warudi na hutapewa.

Na ulipokifikia, ulifundishwa. Nyanya alikaa nyuma yako kwenye mkeka, magoti yake huku na huku, mikono yake juu ya yako, ukasikia harufu ya moshi na sabuni. Kisu hakikutolewa mkono kwa mkono. Anayemaliza alikiweka kwenye jiwe la kando ya meko, akaondoa mkono wake, ndipo mwenzake akakichukua. Hakuna aliyeinuka wala kuketi akiwa nacho. Kwa kuwa moshi ulijaa jikoni mpaka huoni pua yako, alitufundisha kumenya kwa kidole gumba: gumba linatangulia juu ya ganda, linapapasa, kisu kinafuata polepole.

Kitu kimoja alikichukia kabisa, nacho ni kisu butu. Alisema kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu kinakulazimisha utumie nguvu, na nguvu ikiteleza haichagui pa kwenda. Kwa hiyo hata vile visu vyetu vya utoto alivinoa. Kila asubuhi nilimsikia nyuma ya nyumba, kwenye lile jiwe la kunolea, maji kidogo, halafu chwa, chwa, chwa, na mimi bado niko kwenye blanketi.

Siku ya sabuni nilijikata. Ilikuwa sabuni ya mche, ya buluu, niliibonyeza kwa pupa kisu kikanipata kwenye kidole. Nyanya aliniosha, akafikicha jani fulani kwenye kiganja, akanifunga kwa kitambaa. Kisha akakiweka kisu kwenye jiwe mbele yangu. Jirani aliyekuja kuomba moto aliona yote akashika kiuno.

"Mama, utaharibu mtoto wa wenyewe."

"Si ajikate sasa nikiwa karibu?" nyanya akamjibu. Halafu akaniambia nimalize sabuni. Nikaimaliza, kamasi zikinitoka, vipande vikiwa vimepinda kila upande, na jioni wakavitumia kufulia sare za shule bila kunicheka.

Lakini kisu nilichokitaka ni cha wimbi. Kama hujawahi kuvuna wimbi, acha nikueleze. Halikatwi kama mpunga, shina zima. Unakifumbata kile kisu kidogo kiganjani, unasukuma shingo ya suke kwa gumba mpaka ikutane na makali, inakatika, suke linabaki mkononi. Unaendelea hivyo hadi mkono ujae, ndipo unatupa kikapuni. Wanawake wa kijiji walipanga mstari shambani, wakasonga pamoja, na midomo yao haikupumzika. Walisemana, wakachekana, wakaimba kidogo, wakarudi kusemana. Mchana walikula papo hapo, ugali wa muhogo na wimbi kwa kunde zilizotiwa maziwa. Mtoto mwenye kisu aliingia kwenye mstari ule akala nao. Mtoto asiye na kisu alibaki nyumbani na fimbo, akifukuza kuku wasile masuke yaliyoanikwa.

Mimi nilifukuza kuku. Binamu yangu, mdogo kwangu kwa mwaka mzima lakini amejaliwa miguu mirefu, alikifikia kisu cha wimbi kabla yangu. Msimu ule wote aliondoka asubuhi na wanawake akarudi jioni mikono imechubuka, uso umejaa siri. Nilimwomba aniambie walikuwa wanacheka nini kule shambani, maana vicheko vilifika hadi kwetu.

"Hayo ni ya watu wa kisu," akanijibu, akaenda kunawa.

Sijawahi kumchukia mtu hivyo, na tulikuwa tunalala kitanda kimoja.

Mwaka uliofuata nilianza kujipima mapema. Asubuhi baada ya asubuhi nilisimama chini ya ule ukingo, nyayo zote mbili chini, nikanyoosha mkono mpaka bega likauma. Ncha za vidole ziligusa nyasi, mpini ukawa juu kidogo tu. Nilining'inia kwenye mti wa mpera ili nivutike. Nilikula ugali kuliko kaka zangu. Binamu alinitazama akicheka kwa pua. Nyanya alipita na kuni, akapita na maji, akapuliza moto wake. Wimbi lilikuwa limeiva, masuke yamekunja vidole vyake, na mimi nikawa najua kabisa nitarudi kwa kuku.

Asubuhi ya kuanza kuvuna nilikwenda pale bila tamaa. Nikasimama, nikainua mkono, na vidole vyangu vikaufumbata mpini. Nilikichomoa. Vumbi la nyasi likaniingia machoni na sikujali.

Binamu alikuja mbio. "Kukhu," akasema, ndivyo tulivyomwita nyanya, "hiki kisu kimeshushwa."

Nyanya alikuwa ameinamia moto, hakugeuka. "Kisu kina miguu? Amerefuka."

Mambo yakaishia hapo. Niliingia kwenye mstari, wanawake wakanisogezea nafasi kana kwamba walikuwa wananingoja, na nikasikia yale ya watu wa kisu. Siku hiyo yalikuwa ya jirani mmoja aliyesikia wageni wanakuja akaficha kuku chini ya kitanda, na kuku akataga huko huko na kutangaza. Nilicheka kuliko wote. Nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya arusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilirefuka usiku mmoja. Niliwasimulia hata wanafunzi wenzangu. Nilikuwa mtu mzima kabisa, napiga pasi Nairobi, ndipo ikanijia kwamba mtoto harefuki hivyo, na hasa mimi. Nilicheka peke yangu, kisha nikazima pasi nikakaa.

Hayo yote yalinipitia siku hiyo ya viazi, nikimtazama nyanya amegeukia barabara. Niliingia chumbani nikapanda kiti. Juu ya kabati nilivikuta visu vimefungwa kwenye gazeti, na kati yao kisu kimoja cha wimbi, kimelika hadi kimebaki ukanda tu. Wazo langu la kwanza lilikuwa nimpe kilicho butu kuliko vyote asijidhuru. Nilipovigusa makali nikaona vyote ni butu, hata kile kipya cha mpini wa plastiki.

"Hiki ndicho cha Pasaka?" nikamuuliza shangazi.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniambia, pole pole, kwamba macho ya nyanya yalipoanza kufifia yeye aliacha kunoa. Alifikiri anamlinda. Tukatazamana, na nikaona ameelewa alipokuwa bado anaongea, kwa sababu na yeye alilelewa chini ya lile paa. Nilimshika mkono. Hakuna aliyempenda nyanya kuliko yeye.

Jiwe la kunolea bado liko nyuma ya nyumba, katikati limeingia ndani kwa kunolewa miaka yote ile. Nilinoa kile cha wimbi. Nilijua nyanya anasikia.

Shida ikawa mahali pa kukiweka. Jiko sasa ni la mraba, la mabati. Nyasi za kuezekea hazipatikani tena, miwa imekula kote, na kwenye bati huwezi kuchomeka kitu. Shangazi ndiye aliyeleta kipande cha tyubu ya baiskeli. Tulikifunga kwenye nguzo ya mlango, tukakipenyeza kisu hapo, chini, karibu na kifua changu, kwa sababu nyanya amepinda mgongo siku hizi na mimi ndiye mrefu kati yetu wawili.

"Na watoto wakija?" shangazi akauliza.

"Atawafundisha, senje," nikamjibu, ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu. "Wewe ukiwa karibu, kama vile yeye alivyokuwa."

Alifikiri kidogo, kisha akaenda kumwambia nyanya kwamba kisu kiko mahali pake.

Nyanya aliinuka kwa kushikilia kiti. Alifika kwenye nguzo akainua mkono juu, kule ulikokuwa ukingo wa nyasi, akakuta bati. Mkono ukasita. Nilitaka kumwonyesha, shangazi akanikanyaga mguu. Basi mkono ukaanza kuteremka na nguzo, taratibu, gumba likitangulia, mpaka ukakuta mpira, ukakuta mpini.

"Nani ameshusha hiki?"

"Kisu kina miguu, kukhu?" nikamwambia. "Umerefuka."

Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka. Shangazi alicheka akilia. Kisha nyanya alikiweka kisu kwenye jiwe lililokuwa kando ya kiti chake, akaketi kwanza, ndipo akakichukua, akaanza kumenya. Ganda lilianguka jembamba, refu, bila kukatika.

Nilikaa chini kando yake. Wimbi sasa tunanunua kwa gorogoro, kile kibati cha kupimia, soko la Bumala, na wauzaji wanasema linatoka ng'ambo ya mpaka. Shamba lile ni miwa. Binamu yangu ameolewa Jinja na tunaongea kwa simu. Nyanya, mikono ikiwa kazini, alianza kunisimulia habari za wale wanawake, mmoja baada ya mwingine, yule wa kuku wa chini ya kitanda, yule aliyeimba vibaya, na kila alipomtaja mmoja alimalizia kwa kusema amekwenda. Nilingoja ataje aliyebaki. Hakumtaja, na hapo nikajua mstari wote umebaki yeye.

Alipochoka alikiweka kisu kwenye jiwe lililokuwa kati yetu. Nilingoja mpaka mkono wake umetoka kabisa, kisha nikakichukua.