Kibubu Anamaliza Betri

Wenzake walimwita Kibubu, na jina lilimkaa. Msichana alikuwa na mkono wa birika wa kuzaliwa nao. Vipande vya sabuni alivigandanisha, na feni ya bwenini aliizima wenzake wakiwa bado wanatokwa jasho. Alikuwa amelelewa na mama fundi cherehani, ambaye hata uzi wa shubiri moja huuzungushia kidoleni na kuuweka.

Kwa hiyo wanafunzi wa uhandisi walipounda gari la kutumia jua, betri walimkabidhi yeye. Nani angeitunza zaidi? Akaitunza kweli! Katika mashindano ya kwanza alikaa kwenye gari la kawaida lililowafuata nyuma, kompyuta mapajani, akimwambia dereva kwa redio, "Polepole, kaka, polepole," mpaka wakamaliza wa nne, betri ikiwa na robo nzima ya umeme. Wa tatu waliwatangulia kidogo tu, hata vumbi lao lilikuwa halijatulia. Na umeme unaobaki baada ya mstari haumsaidii mtu. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma. Alijifungia bafuni akalia, bomba akiwa amelifunga vizuri.

Mwaka uliofuata alitaka kujitoa. Dereva, kijana mwenye domo kubwa kuliko gari lenyewe, akamkatalia katakata.

"Hatutaki mwingine. Tunakutaka wewe, ila safari hii uwe na roho ya kutumia."

Siku ikafika. Walikuwa wa nne tena, umebaki mlima mmoja na tambarare fupi hadi mstarini, wingu likalifunika jua. Sasa walibaki na betri peke yake. Kompyuta ilionyesha kwamba wakipanda kwa kasi, umeme ungefika kwa shida au usifike kabisa, na gari linaloishia njiani halihesabiwi. Kibubu akapiga hesabu upya, jibu likawa lile lile.

"Nifanyeje?" redio ikauliza. "Mbona kimya, dada?"

Aliwapenda mno wale watu, ndiyo maana aliogopa.

"Kanyaga," akasema.

"Mpaka wapi?"

"Kanyaga mpaka iishe!"

Mlimani walilipita gari la tatu. Wakavuka mstari, wakaenda kidogo, gari likazimika katikati ya njia. Kibubu alishuka mbio kutoka gari la nyuma, akamkuta mama yake ameshapenya kamba ya watazamaji.

"Mwanangu, limeharibika?"

"Hapana, mama. Betri imeisha."

"Yote?"

"Yote."

Akasubiri kusemwa. Mama akamtazama bintiye anavyotetemeka na kucheka kwa pamoja.

"Haya, tusukume," akasema, akaegemea gari kwa bega.

Ndipo Kibubu akaliona gauni. Lilikuwa lile la kijani, ambalo mama alilishona zamani akalifungia sandukuni, akisema siku yake bado. Alikuwa amelivaa tangu asubuhi, kabla hajajua nani atashinda, na sasa alikuwa akisukuma gari nalo.